Mfalme wa Kwenye Kitabu Hafi

Leo nimeaibika kwenye kibanda cha video hapa Bariadi, na nilijitakia.

Filamu ya mazimwi ilifika pale mfalme mzee anapokufa. Nikasimama. "Waongo hawa! Kwenye kitabu anapona, anarudi kwa ng'ombe wake!"

Vijana wakabisha. Mimi nibishiwe? Nikampigia simu mjukuu wangu Kabula, aliyenisomea kitabu chenyewe chote. Nikaweka spika, wasikie.

"Guku, hata kwenye kitabu anakufa. Nilimponya mimi, maana alipojeruhiwa tu ulisusa ugali."

Kibanda kizima kilicheka.

Na wale ng'ombe je? Kaniongezea yeye!

Sasa nimechukua kitabu, nasoma mwenyewe, herufi moja moja. Niko ukurasa wa pili.

Mfalme bado mzima. Mnaobisha, tukutane ukurasa wa mwisho.