Picha Iliyokwenda kwa Jirani

Nianze na ukweli, maana hata nikiuficha utanitoka mbele ya safari: nilimwonea jirani yangu wivu mpaka nikaacha kumpelekea mboga. Kisa chenyewe ni picha. Na picha yenyewe haina mtu, haina mnyama, haina hata mti. Ni pembetatu na miraba tu.

Aliyeichora ni baba yangu. Maisha yake yote alikuwa mchora mabango hapa Babati. Vichwa vya ng'ombe kwenye mabucha, wanawake waliosukwa kwenye saluni, maneno ya kwenye malori. Ukishika barabara ya kwenda Bonga, nusu ya uliyoyasoma njiani ilikuwa kazi ya mkono wake. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Mama alikuwa ameshafariki, nikamchukua akae kwangu Nakwa. Nikamwambia, "Baba, sasa pumzika." Thubutu! Alinunua rula ndefu na tepu ya karatasi. Anabandika tepu kwenye ubao, anapaka rangi, anaibandua, unabaki mstari umenyooka utadhani mkono ule haujawahi kutetemeka. Kutwa nzima miraba.

"Baba, hii ni nini?" nilimwuliza mara ya kwanza.

"Ni rangi."

"Rangi naiona. Sasa ni nini?"

Akabandua tepu nyingine. Mimi sikukoma. Kila ubao niliuliza ni nini, na wageni wakiwepo niliuliza huku nacheka. Nilidhani uzee umeanza kumchezea.

Jirani yangu ni mwanamke fundi cherehani, mtu wa kuja, alihamia hapa kutoka mkoa mwingine. Wanasema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu alikuja, mimi mwenyeji nikaanza kuugua. Kila alasiri Baba alikwenda kwake kunywa chai. Chai, jamani! Kwangu majani yaliisha lini? Alirudi huko anapiga mluzi, na kwangu alikuwa hapigi. Na yule mwanamke anamwita "Baba". Baba wa nani?

Halafu siku moja nikawaona wanavuka uwanja, Baba upande huu, yeye upande ule, wamebeba ubao mkubwa kuliko zote alizowahi kuchora. Wameufunika kwa shuka langu.

Nilivumilia wiki mbili. Ya tatu nikabeba gauni la kupunguza kiuno, nikaenda.

"Shikamoo dada. Karibu ndani," akasema.

"Marahaba," nikajibu, nimebana meno.

Sisi hapa picha tunazitundika juu kule karibu na dari, na ukuta mmoja unabeba kalenda, saa, picha ya harusi na maua ya plastiki. Yeye ukuta mzima ameuachia picha ya Baba. Saa ameitoa. Harusi yake mwenyewe ameitoa! Picha ameishusha mpaka usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kochi amelielekeza huko, runinga ameihamishia chumbani. Dirisha la mashariki lina pazia zito, asubuhi halifunguliwi, maana jua la asubuhi linakula rangi.

Nikakaa, nikatafuta kasoro. Miraba ya kijani, mingine imekoza, mingine imepauka, imepangwa kama vipande vya kitambaa kabla ya kushonwa. Kati yake pembetatu ya rangi ya majivu. Chini unapita mstari mwembamba mwekundu, unakaribia ukingo, unakoma. Na mahali pamoja rangi ilikuwa imevuja chini ya tepu.

"Hapo aliharibu," nikasema, nimefurahi kweli kweli.

"Hapo ndipo ninapopapenda, dada. Nilimwona. Alichukua kitambaa apafute, akapaangalia, akapaacha. Nikikaa hapa jicho langu linaanzia hapo."

Nikapaangalia. Haki ya Mungu, na langu likaanzia hapo, likapanda kwenye kijani, likateremka na ule mstari mwekundu, likakoma nao. Ilikuwa picha nzuri. Niliuona uzuri wake nikiwa nimekaa kwenye kochi la mtu mwingine, na roho iliniuma mara mbili.

"Kwa nini alikupa wewe?" Lilinitoka tu.

"Hata sijui. Sikumwomba. Alikuwa anachora uani kwenu, mimi nakuja nakaa naangalia, basi."

Kisha akaishusha, akaigeuza anionyeshe nyuma. Kwenye kona ya chini palikuwa na jina la huyo fundi kwa penseli. Niliujua utaratibu huo tangu utoto. Kibao cha mtu Baba alikiandika jina la mwenyewe nyuma, ili cha bucha kisiende saluni. Kikishaandikwa jina, hata uje na fedha mkononi, hakupi. Herufi za baba yangu, na jina si langu. Nikachukua gauni langu nikaondoka bila kupimwa.

Njiani nilipanga maneno. Ningemwambia nani anamfulia, nani anampikia uji, nani ni damu yake. Nikamkuta uani, kwenye kiti chake, ametazama banda la kuku. Kila jioni hukaa hapo. Siku zote nilidhani anapenda kuku.

Mlango wa lile banda ni ubao wake. Ni wa kwanza kabisa, aliuchora mwezi aliohamia kwangu. Nilikuta ameuegemeza kwenye mlango wa chumba changu, nikadhani amekosa pa kuuweka. Nguchiro walikuwa wananimalizia vifaranga, nikamwita fundi, akaupunguza chini kwa msumeno, akautia bawaba. Kipande kilichobaki nilikisongea ugali. Baba alipoona alisema tu, "Umepata mlango."

Maneno niliyopanga yote yakapotea. Nikaufungua ule mlango, nikainama ndani mwa banda, nikasugua nyuma yake kwa pindo la kanga. Kinyesi kikatoka, vumbi likatoka. Kwenye kona ya chini ikaonekana penseli. Lilikuwa jina langu la utotoni, ambalo Mama alikufa nalo na sasa analijua Baba peke yake. Msumeno ulikuwa umepita katikati ya herufi.

Nikatoka nalia, mtu mzima na wajukuu wake.

"Baba, mbona hukuniambia?"

Hakuniangalia mimi. Aliangalia ubao, jua la miaka miwili limeshaukwangua rangi.

"Uache tu hapo," akasema. "Kuku hawajawahi kuniuliza ni nini."