Matroni wa Sakafu ya Mbao

Wifi yangu hajawahi kuwa mtumishi nyumbani kwangu. Naliandika hili mwanzoni ili msomaji mwenye haraka aondoke na ukweli hata akiishia hapa. Mtaani imesemwa kwamba mjane wa mpima ardhi amemgeuza dada mkubwa wa marehemu mumewe kuwa kijakazi, kwamba kila asubuhi bibi wa watu anapigishwa magoti sebuleni huku mimi nimekaa kitini na kikombe cha chai. Magoti yalipigwa, kweli. Kikombe kilikuwepo, kweli. Mengine yote ni ya watu wanaochungulia madirisha ya wenzao na kuondoka kabla hawajaona hadi mwisho.

Wote waliomfahamu walimwita Matroni, ingawa hakuvaa kofia ya uuguzi hata siku moja. Alikuwa msafishaji wa wodi ya upasuaji kwa miaka thelathini na mmoja. Jina alipewa na wabeba machela, siku alipomzuia daktari bingwa mlangoni kwa mpini wa dekio na kumwambia kwamba sakafu haijakauka, na mgonjwa wake bado anapumua, basi asubiri. Daktari akasubiri. Tangu hapo hata wauguzi wakawa wanaulizana kama Matroni ameruhusu watu kupita.

Alikuwa kifungua mimba kwao. Mama yao alipofariki aliacha shule darasa la tano ili wadogo zake wawili wa kiume wasiiache. Mmoja akawa mume wangu. Mwingine ni shemeji yangu, ambaye leo ni mkuu wa idara na ana kiti kinachozunguka. Sare zao zote zilipita katika mikono yake, na katika familia yetu jambo hilo halikumbushwi, kwa sababu hakuna aliyelisahau.

Alipostaafu, nyumba ya watumishi ilirudi mikononi mwa hospitali, naye akaja kwangu na begi moja na dekio lake mwenyewe, ambalo mpini wake ulikuwa umeng'azwa na viganja vyake. Nilimpa chumba cha upande wa jua. Mimi nilifundisha jiografia miaka ishirini na minane, kwa hiyo akifurahi aliniita wifi, na akikasirika aliniita Mwalimu.

Sasa niseme kuhusu sakafu. Sebule yetu na ukumbi wake vimetandazwa mbao. Wapo wanaosema ni plastiki. Si plastiki. Juu ni mti mgumu halisi, unene wake haufiki milimita nne, na chini yake kuna tabaka za mbao nyembamba zilizogundishwa kwa kupishana, ili ubao usijipinde ovyo hewa inapobadilika. Mume wangu aliitandaza mwenyewe katika likizo yake ya mwisho, yeye na fundi mmoja, na aliiachia sheria moja tu: hainyweshwi maji.

Wiki ya kwanza Matroni alikaa kama mgeni, na ugeni ulikuwa unamtafuna. Aliniangalia nikifagia kwa fagio la nywele laini, kisha nikipitisha kitambaa chenye unyevu kidogo, kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyenawa uso tu na kudai ameoga.

"Wifi," akaniuliza, "hapo umeisafisha au umeipungia mkono?"

Nilicheka. Nilipaswa kueleza, lakini nilicheka tu, na kosa hilo ni langu.

Jumamosi ya pili nilikwenda kwenye mkutano wa walimu wastaafu. Niliporudi nilikuta viti barazani, zulia kwenye kamba, na wifi yangu katikati ya sebule, sketi ameikunja hadi magotini, anaimba. Ndoo tatu. Povu kila mahali. Alikuwa anasukuma maji kuelekea mlangoni kwa mipigo mirefu iliyopangika, kama alivyofanya wodini, na uso wake ulikuwa wa msichana wa miaka ishirini.

"Sakafu yako ilikuwa na kiu, wifi," akasema. "Tazama ilivyokunywa."

Nilileta taulo, hata zile za wageni, tukakausha sote wawili hadi viuno vikagoma. Lakini maji yalikuwa yameshapita kwenye viungio. Kufikia Jumanne kingo za mbao zilikuwa zimeinuka na katikati kumebonyea, ukipita bila viatu unahisi unakanyaga mbavu za punda.

Hapo ndipo nilipomweleza ni nani aliyeitandaza. Asubuhi yake nilikuta begi lake mlangoni, na yeye amekaa juu ya begi.

"Nimeiharibu kazi ya mwisho ya mikono ya mdogo wangu," akasema. "Siwezi kukaa juu yake na kula. Nitakwenda kwa huyu mwingine."

Nilijua maisha ya kwa huyu mwingine. Huko angepewa kila kitu isipokuwa kazi, na mtu kama yeye hufa kwa hilo polepole huku watu wakisema ananenepa. Lakini sikumbembeleza, maana asingekubali. Nilimuuliza tu kama kule wodini kwao msafishaji aliruhusiwa kuondoka kabla daktari hajasema lolote juu ya mgonjwa. Akafikiri. Akasema hapana. Nikamwambia fundi anakuja saa nne.

Fundi alikuja na kifaa cha kupimia unyevu, kidogo kama redio ya mfukoni, akakigusisha ubao mmoja mmoja. Matroni alimfuata nyuma kwa magoti.

"Atapona?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Nani tena? Huyu unayempima."

Fundi akasema atapona asipoharakishwa. Akaonya tusiruhusu mtu yeyote kuipiga msasa sasa: ukizinyoa kingo zikiwa zimevimba, zikija kukauka zitakuwa chini na katikati kumebaki juu, na tabaka ya mti halisi ni nyembamba mno kunyolewa tena na tena. Tufungue madirisha yote jua likiwaka, tuwashe feni, tungoje wiki nane. Baada ya hapo tujue kwamba mchanga wa viatu huikwaruza kila siku, kwa hiyo viatu viishie mlangoni. Kitambaa kikamuliwe hadi kisitoe tone, kifuate mwelekeo wa nyuzi za mti. Siki, nta na mashine za mvuke tuwaachie wengine. Matroni alimsikiliza jinsi wauguzi wanavyopokea zamu. Fundi alipokwenda, akalibeba begi lake akalirudisha chumbani.

"Mgonjwa amelazwa," akasema. "Zamu ni yangu."

Tangu siku hiyo sikuruhusiwa kushika hata fagio. Kila asubuhi madirisha yalifunguliwa kama fundi alivyoagiza, na wifi yangu alipiga magoti na rula yangu ya chuma, ile niliyotumia kuchorea ramani. Aliiweka juu ya ubao, akawasha tochi upande wa pili, akainama hadi shavu likagusa sakafu, kutazama mwanga unapita kiasi gani chini ya rula. Kazi yangu ilikuwa kuandika, kwa sababu mwandiko wake anauonea aibu. Nilikaa kitini na daftari, na kwa kuwa ni asubuhi, nilikuwa na chai.

"Kitanda namba tatu kaamka vizuri," angesema. "Andika. Kitanda namba tisa bado kavimba, na ananuna."

Mimi nikiandika, mtaa ukitazama.

Alijiwekea na masharti yake. Kitambaa kilikamuliwa, kikabanwa nyuma ya kiganja, akahesabu. Akifika kumi na ngozi bado ina unyevu, kilikamuliwa tena. Viti alivivisha soksi kuukuu za wajukuu zangu, miguu yote minne, akisema wageni wasiovua viatu wavae soksi. Mwenye nyumba ya jirani alipokuja kuomba chumvi aliulizwa kwanza amekanyaga wapi.

Katika wiki ya saba, Jumapili, shemeji yangu alifika na pikapu. Maneno yalikuwa yamemfikia ofisini. Hakunisalimia vizuri, akasema amekuja kumchukua dada yake akapumzike. Ningeweza kulileta daftari nikamwonyesha. Sikulileta. Mtu wa nyumba hii hajitetei mlangoni. Nilisema tu kwamba dada yake yumo ndani, na aamue mwenyewe. Nakiri kwamba kama angekubali kwenda, nisingekuwa na haki ya kumzuia.

"Viatu," Matroni akasema kabla mdogo wake hajamaliza kuvuka kizingiti.

Mkuu wa idara akavua viatu. Soksi ya kushoto ilikuwa imetoboka, kidole gumba kimechungulia nje.

"Dada, watu wanasema unafanyishwa kazi."

"Piga magoti hapa."

"Dada, nimevaa suti."

"Nilikufulia kaptura zako miaka tisa, suti itanishinda? Piga magoti."

Akapiga. Matroni akamwekea rula mbele ya pua, akawasha tochi.

"Unaona mwanga?"

"Kidogo."

"Kidogo kama nini, we mtoto?"

"Kama uzi."

"Mwalimu, andika: uzi." Kisha akakaa chini palepale sakafuni, kando yake, akamweleza kwamba marehemu kaka yake ndiye aliyeitandaza sakafu hii, na kwamba yeye Matroni ndiye aliyeivimbisha, na kwa hiyo ndiye anayeiuguza. "Miaka thelathini na mmoja nilifanyishwa kazi. Hapa sifanyishwi. Hapa ni kwetu. Kwako nitafanya nini? Una zulia ukuta hadi ukuta. Nitakaa kwenye kochi kama mto."

Nikamwona shemeji anapitisha kiganja juu ya mbao, kufuata nyuzi za mti, taratibu, kutoka ubao mmoja hadi mwingine. Akauliza kama anaweza kupima namba tisa.

Namba tisa haikupona, na mwenzake wa dirishani pia. Fundi alizibadilisha zote mbili kwa mbao zilizobaki kwenye boksi la stoo, na Matroni alisimama kando yake mikono nyuma hadi ya mwisho ilipokaa. Nyingine zote zimelala sawa. Yeye naye yupo, na asubuhi hii amenifukuza sebuleni ili nisimkanyagie.

Siku ile ya pikapu, kabla ya kuwasha gari, shemeji aliniita pembeni, akavua miwani, akaniambia maneno machache, nami nikamjibu. Mtaa unataka kujua kama aliniomba radhi. Hayo ni ya familia. Sisemi.