Koili iliyofupishwa ilivyotaka kummalizia jirani yangu vifaranga hapa Masoro

Wakuu, salaam. Nimechoka, sina hata nguvu ya kutia chumvi. Nawaeleza kama ilivyotokea.

Mimi ni Mnyarwanda niliyekulia Ngara, Tanzania. Nimekaa Mwanza, Kampala, Bukavu, na sasa nimepanga chumba Masoro, Kigali. Kila mji nafika nikidhani nitatulia. Bado.

Jirani yangu Mama Keza, aliyekulia Bujumbura, alipunguzwa kiwandani. Akaanza kufuga vifaranga mia mbili, ndiyo kazi aliyobaki nayo. Mvua hizi anawapasha joto kwa hita ya koili.

Koili ikakatika.

Shemeji yake Inosenti, mchomeleaji wa Gikondo, akaja. Akafanya tunavyofanya wengi huku: akakata kipande kilichoungua, akasokota ncha mbili pamoja, akawasha.

Ikawaka nyekundu kuliko zamani. Lakini kila friji ya mwenye nyumba inapoanza kunguruma, breka ya umeme ukutani inakata.

Vifaranga wakaanza kulaliana kwa baridi. Mama Keza akawa anawatenganisha kwa mikono. Wengine hawakuamka.

"Breka iko mbovu," Inosenti akasema. "Nifunge waya mnene pale, umeme uipite pembeni, ikae kimya."

"Shemeji, haitaleta moto?" Mama Keza akauliza.

"Moto wa nini? Koili iko fupi sasa. Itakula umeme kidogo!"

Nikamwambia asiguse kwanza, aniazime mita yake ya kupimia umeme.

"Yee! Mtanzania anataka kufundisha!" Akacheka, ila akanipa.

Hapa nilikumbuka darasa letu la fizikia kidato cha tatu, madirisha bila vioo, upepo unapeperusha vumbi la chaki. Nililichukia lile somo. Siku hizi nalikumbuka kama nyumbani.

Mita ikasoma volti 220, ampia 5.5.

Ukinzani ni volti gawanya kwa ampia: 220 ÷ 5.5 = omu 40.

Nguvu ni volti mara ampia: 220 × 5.5 = wati 1,210.

Kibandiko nyuma ya hita kinasema volti 220, wati 880. Yaani ilitakiwa ivute 880 ÷ 220 = ampia 4, na ukinzani uwe 220 ÷ 4 = omu 55.

"Fupi ndiyo inakula zaidi?" Inosenti akakodoa macho.

"Volti za ukutani ni zilezile, kaka. Umepunguza kizuizi, mkondo umeongezeka."

Breka yenyewe ni ya ampia 6. Ongeza friji, imezidiwa. Ilikuwa nzima kabisa. Na waya za nyumba ile ni nyembamba. Angeinyamazisha breka, ukuta ungewaka.

Inosenti akazima hita. Akapanda moto, pikipiki ya abiria, hadi mjini kutafuta koili nzima. Sisi tukajaza maji ya moto kwenye vidumu, tukavifunga vitenge, tukaviweka katikati ya vifaranga.

Koili mpya ikafungwa. Mita: ampia 4. Friji ikanguruma, breka ikatulia.

Mama Keza alianza kuhesabu waliokufa, akaacha katikati. Akasema atahesabu walio hai.

Nilichojifunza: koili ikikatika usiifupishe, na breka ikikata, pima kwanza kabla ya kuilaumu.

Mafundi wa humu, ipo njia salama ya kuunga koili bila kuipunguza urefu? Jibuni basi. Inosenti amekaa hapa pembeni anachungulia simu yangu, na Mama Keza amempiga marufuku kugusa hita mpaka mseme kitu.