Taya la Manubia

Manubia alikuwa mwoka mikate mjini Kef, Tunisia. Kila asubuhi alibandika mikate kwenye kuta za tanuri la udongo lililokuwa uani kwake, na mtaa mzima ulinunua kwake. Siku alipoingia kwenye kliniki ya Daktari Rafla Wartani, taya lake la chini lilikuwa limevimba upande wa kushoto, kama mtu aliyebana lozi shavuni. Halikuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

"Jino bovu huuma, daktari," alisema. "Hili limenyamaza tu. Linapanga nini?"

Rafla alicheka, akampiga picha ya eksirei. Ndani ya mfupa palikuwa na shimo jeusi lililogawanyika vyumba vyumba kama povu la sabuni, nalo lilikuwa limeanza kuyasukuma meno. Alikata kipande kidogo cha nyama, akakipeleka Tunis kikapimwe. Jibu lilipokuja, Manubia alishusha pumzi: haikuwa saratani. Ulikuwa uvimbe wa chembe kubwa, nyama laini inayoula mfupa polepole.

Kabla ya kuukwangua, lilibaki jambo moja, nalo ni kupima damu. Shingoni mwa binadamu mna vitezi vidogo vinavyotawala kalsiamu ya mwili. Kimoja kikiharibika, huinyonya kalsiamu kutoka mifupani, na taya huweza kuota uvimbe ambao kwa darubini hautofautiani na huo mwingine. Dawa yake basi haiko kwenye taya, iko shingoni. Rafla aliyajua haya tangu chuoni. Lakini mashine ya maabara ya mjini ilikuwa imeharibika, na binti wa Manubia alikuwa karibu kuolewa.

"Nikae mbele ya wakwe na shavu kama la mpiga zumari?" Manubia aliuliza. "Nitolee kitu hiki, dada yangu."

Rafla alijiambia kwamba watu wenye tezi mbovu ni wachache, na kwamba damu ingepimwa baadaye. Akakwangua, na kazi yenyewe aliifanya kwa uangalifu. Meno matatu yalitoka pamoja na uvimbe. Harusini Manubia alicheka huku ameziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Ile baadaye haikufika.

Mwaka haukuisha kabla uvimbe haujarudi. Safari hii Manubia aliletwa na mumewe, Hedi, mzee mpole aliyekuwa akiezeka mapaa.

"Mpe na dawa ya kiu, daktari," Hedi alisema. "Anakunywa maji kama ngamia. Na mifupa inamuuma, nikimgusa tu ananifukuza kitandani."

"Nakufukuza kwa sababu unakoroma," Manubia alimjibu.

Wakacheka wote watatu. "Ni uchovu," Rafla alisema. "Nani asiyechoka na kazi ya tanuri?" Kisha akachoma ganzi, akakwangua tena, na jino la nne likaenda.

Siku moja Manubia aliinua sinia la unga uliokandwa, mkono ukavunjika. Hakuanguka wala hakugongwa, mfupa ulikatika tu kama kijiti kikavu. Wakati huo uvimbe mwingine ulikuwa umeanza kuchomoza kwenye taya la juu. Daktari wa mifupa aliyemfunga alishangaa mfupa kuvunjika kwa jambo dogo hivyo, akapima damu. Kalsiamu ilikuwa juu mno, na ndiyo iliyoleta ile kiu. Akapelekwa Tunis, wakamtoa shingoni kitezi kilichovimba ukubwa wa haragwe.

Habari hizo alizileta Hedi mwenyewe, pamoja na mikate ya moto ndani ya kitambaa.

"Hatujasahau wema wako," alimwambia Rafla. "Na kuna ajabu, daktari. Ule uvimbe wa juu unapungua wenyewe. Hakuna aliyeugusa."

Rafla alipokea mikate, akashukuru. Hedi alipoondoka alijifungia chumba cha matibabu, akaketi kwenye kiti cha wagonjwa. Kama angepima damu mwanzoni, labda yale meno yangebaki, na mkono pia. Hakuna aliyemshuku. Watu hawa walikuwa wakimletea mikate, na hilo lilimwaibisha kuliko matusi. Jioni ile hakuweza kuumega hata mmoja.

Ijumaa alikwenda kwa Manubia. Alimkuta uani, mkono bado umefungwa, tanuri limepoa. Alikataa chai, akasema yote akiwa amesimama: kipimo alichokijua, maabara iliyoharibika, haraka ya harusi, ile kiu aliyoambiwa na asiitilie maanani.

Manubia alisikiliza huku akipitisha ulimi kwenye pengo la meno yake.

"Ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Mimi nilikuharakisha, sawa. Lakini mimi ni mwoka mikate, Rafla. Daktari ulikuwa wewe." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita kwa jina tupu. "Nenda nyumbani. Sitakushtaki, lakini usiniombe nikusamehe leo."

Rafla akaenda. Meno ya bandia Manubia alikwenda kutengenezewa mji mwingine, na wakikutana sokoni salamu yake ilikuwa fupi. Mkono uliunga, tanuri likawashwa tena, lakini Hedi hakuleta mkate. Tangu hapo Rafla hakugusa taya lililovimba namna ile kabla ya kuona majibu ya damu, na kila majibu yalipokuwa mazuri, aliona aibu upya jinsi kipimo kilivyokuwa chepesi.

Ilipita miaka miwili. Mchana mmoja Manubia aliingia kliniki akimshika mkono mke wa jirani yake, mwanamke kijana mwenye shavu lililovimba.

"Wamemleta kwangu kwa sababu mimi nilikuwa na uvimbe kama huu," alisema. "Mpime damu kwanza."

Damu ilikuwa safi, kwa hiyo ugonjwa ulikuwa wa taya lenyewe. Rafla alimchoma sindano za dawa ndani ya uvimbe, kila wiki, mpaka mfupa ukaanza kujijaza. Hakuna jino lililotolewa. Manubia aliketi nje kila mara akimsubiri.

Siku ya sindano ya mwisho Rafla alimuuliza, "Kwa nini umemleta kwangu mimi?"

"Kwa kuwa ninajua hutakisahau tena kile kipimo," Manubia alisema, akajitanda mtandio. "Bado nina hasira na wewe. Nikitafuna upande huu, nakukumbuka."

"Na mimi nakukumbuka kila nikipima damu," Rafla alisema.

Manubia alimtazama, akaitikia kwa kichwa, kisha akamwita yule mke wa jirani waondoke.