Wageni wa Ephrasia wa Buhembe

Maneno yalimfikia Aristides akipalilia kibanja chake huko Ijumbi, mwaka 1952, na aliyeyaleta hakuyaleta kwa huruma. Dada yake Ephrasia, mjane aliyekuwa ameolewa Buhembe, karibu na mji wa Bukoba, alikuwa hakosi meli ya Kampala. Kila ikitia nanga, yupo gatini. Na akiondoka hapo, mara nyingi ameongozana na mwanamke aliyejipaka poda.

Aristides alikuwa katekista. Wasichana wa Ijumbi walikuwa wakitorokea Kampala mmoja mmoja, na watu walikuwa wakiulizana ni nani anayewaonyesha njia. Sasa akahisi kwamba mtu huyo amezaliwa nyumba moja na yeye.

Jumatano akapanda lori la kahawa. Kwa dada yake alisema amekuja kutafuta dawa ya macho. Ephrasia akampa ebitoke, ndizi za kupika, na maharage, asimwulize zaidi. Alipokuwa akila, Aristides aliona vitanda vitatu katika nyumba ya mjane asiye na mtoto, na nje, juu ya kamba, gauni jekundu ambalo dada yake asingelivaa hata kwa kulazimishwa.

"Lile la nani?"

"La mgeni, kaka."

"Na mgeni yuko wapi?"

"Ameshuka mjini."

Alasiri jirani akachungulia uani. Alikuwa Mwamvita, mama wa Kiislamu aliyekuwa akiuza chai karibu na gati. "Bi Ephrasia, meli imeonekana," alisema, akaenda zake. Ephrasia akajitanda kanga, akatoka. Aristides akamfuata kwa mbali. Huyu Mwamvita naye ana ushirika gani na dada yangu? Alijiuliza hivyo njia nzima, na kule bandarini akajibanza nyuma ya magunia.

Abiria walishuka, wakapokelewa na ndugu zao, wakatawanyika. Ephrasia hakumwita yeyote. Alisubiri mpaka akabaki mwanamke mmoja tu, amekaa juu ya sanduku la bati, anakohoa, amevaa koti zito katika jua lile. Ndipo akamwendea, akachuchumaa mbele yake. Wakasemezana kidogo. Kisha Ephrasia akajitwika sanduku lile kichwani.

Aristides akashindwa kuvumilia, akatoka nyuma ya magunia. "Kumbe ni kweli!"

Mwanamke yule akainua uso. "Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu."

Alikuwa Joviana, binti wa Rweyemamu wa Ijumbi. Aristides mwenyewe ndiye aliyemfundisha akapata komunyo ya kwanza.

"Ni wewe uliyempeleka?" alimwuliza dada yake.

"Mimi nawapokea tu. Wanaowapeleka ni wengine, na wengine kati yao wako majumbani kwao."

Walipokuwa wakipanda kilima Ephrasia akamsimulia. Miaka minne iliyopita aliona mwanamke amekaa vilevile juu ya mzigo wake tangu asubuhi, anaogopa kwenda kwao. Alimpita mara mbili. Mara ya tatu miguu ilikataa, akamchukua nyumbani. Baadaye akaenda kumwuliza Padre kama huo ni wito. Padre naye alikuwa na shaka, akamwambia asubiri mwaka mzima: kama ni jambo la Mungu, halitaoza.

"Nikasubiri miezi mitatu, kaka. Mwamvita akaniambia kuna mwingine kama yule amefia kwenye banda la gatini. Nikaacha kusubiri."

"Basi hukumtii Padre."

"Sikumtii." Akahamisha sanduku kidogo kichwani. "Mpaka leo sijui kama ni Mungu aliyeniita au ni uchungu wangu wa kukosa mtoto. Namwomba anionyeshe. Naomba, na meli zinakuja."

Aristides hakuridhika. Asubuhi iliyofuata mwenye gauni jekundu alikuwa ametoweka na meli iliyorudi Kampala, pamoja na mashuka mawili.

"Unaona?" alisema Aristides.

"Naona," alijibu Ephrasia, akaendelea kumkorogea Joviana uji.

Aristides alipoaga, Joviana akamshika mkono. "Mwalimu, mwambie tata, baba yangu, niko hapa."

Aristides alikaa na ujumbe huo Jumapili mbili, kwa maana alijua ataulizwa nini. Akaulizwa hivyohivyo. Rweyemamu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na wewe, katekista, gatini ulikuwa unatafuta nini kwa wanawake wale?"

Wiki haikuisha, wazazi watatu wakawatoa watoto wao katika mafundisho. Wazee wa parokia wakamwita, wakamtaka aahidi kwamba hatakanyaga tena nyumba ile ya Buhembe.

"Siwezi kuahidi," alisema Aristides.

Wakamwondolea ukatekista, akarudi kwenye migomba yake. Rweyemamu hakwenda kumwona binti yake hata siku moja. Lakini mkewe, Kemilembe, alimfuata Aristides baada ya Misa, akasema kwa sauti ndogo, "Waitu, bwana wangu, lori la Jumatano linapita Buhembe?"

"Linapita, mama."

Walilipanda, wakakaa mbalimbali ili watu wasipate la kusema. Watu wakalipata.

Walimkuta Joviana uani, anashona pindo. Kemilembe akatua mkungu wake wa ndizi chini. Akamkagua binti yake kuanzia miguuni, taratibu, kama mtu aliyewahi kudanganywa, mpaka alipofika usoni. Kisha akamwuliza kama amekula.