Dari ya Kituo cha Rada

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa kiti wala meza. Mkuu wa Kitengo, mtu mrefu mwenye sauti ya kukaripia, alinipa msumari. "Kaukwaruze ukuta ule, halafu njoo uniambie umejengwa kwa kitu gani." Nikadhani ananifanyia mzaha. Mimi mtoto wa mjini, wa Mlandege, nimetoka chuoni na cheti changu, nimevaa buibui jipya, ati nikwaruze kuta! Nikakwaruza. Unga mweupe ukanimwagikia viatuni. "Chokaa hiyo," akasema nyuma yangu. "Ingekuwa saruji, msumari ungeteleza. Haya, ushaanza kazi."

Kazi yenyewe ilikuwa kutafiti historia ya majengo: nani aliyajenga, kwa vitu gani, na nani alikuja kuyabadilisha baadaye. Vijana wa leo wana vyombo vinavyopima ukuta kwa mwanga, na Mungu awazidishie. Sisi tulikuwa na futikamba, penseli, tochi na huo msumari. Miaka mingi nilipanda na kushuka katika nyumba za Mji Mkongwe, buibui nimelifunga kiunoni. Wenye nyumba wengine walinipa chai, wengine walinifukuza wakidhani nimetumwa na watu wa kodi.

Mkuu wa Kitengo alipostaafu, tukaletewa Mkurugenzi. Huyu alikuwa mpole, mcheshi, na vumbi hakulipenda hata kidogo. Ndiye aliyenituma kwenye kituo cha rada.

Kituo kiko juu ya kilima, kusini mwa kisiwa. Wakati wa vita kuu ya pili wanajeshi wa Kiingereza waliweka pale rada, yaani mtambo unaorusha mawimbi yakagonge ndege au meli iliyo mbali, kisha yarudi na habari zake. Vita vilipokwisha waling'oa mitambo wakaacha majengo: nyumba ya rada yenye kuta nene za zege, tangi la maji, bweni lisilo na paa, na pembeni nyumba ndogo ya vyumba viwili. Katika hiyo nyumba ndogo aliishi Bi Mwanaidi, mjane mtu mzima, mzaliwa wa kijiji kile kile.

Serikali ilitaka kukihifadhi kituo. Kila jengo la jeshi lingefungwa na kuwekewa mlinzi. Lililojengwa na raia lingebaki kwa mwenyewe. Kwa hiyo nilichotakiwa kujua ni nani aliyeijenga nyumba ya Bi Mwanaidi. Jibu langu ndilo lingeamua bibi yule alale wapi.

Nilipofika mara ya kwanza, niliingia moja kwa moja na futikamba mkononi, kama nilivyozoea kuingia kwenye magofu. Bi Mwanaidi alikuwa akipepeta mchele. Akauweka ungo chini.

"We mwana wa watu, kwenu hakuna mlango?"

"Shikamoo, Bi. Mimi natoka ofisini..."

"Marahaba. Hata ukitoka mbinguni. Toka nje, upige hodi. Hapa nyumbani kwa mtu, si makumbusho."

Nikatoka, nikapiga hodi, nikakaribishwa. Tangu hapo tukapatana sana.

Kijiji kizima kiliniambia nyumba ile ilijengwa na baba yake, Mzee Haji, baada ya wanajeshi kuondoka. Bi Mwanaidi mwenyewe, nilipomuuliza, alinimiminia chai. Nikatoa msumari wangu. Kuta zilikuwa za mawe na chokaa. Dari ilikuwa ya boriti, juu yake zege la chokaa na kokoto lililopigiliwa. Dari ya namna hiyo haimwagwi ikaachwa ikauke. Watu hupanda juu na virungu vya mti, wakaipiga kwa mpigo mmoja, siku baada ya siku, mpaka ishikane na isipitishe maji. Ili mkono usichoke, huimba. Majengo mengine yote ya kituo yalikuwa ya saruji tupu.

Mkurugenzi aliisoma ripoti yangu akacheka kwa furaha. "Jeshi la Mwingereza lijenge kwa chokaa na nyimbo? Hii ni ya babake. Malizia vipimo, bibi wa watu apumzike." Nami nilifurahi, wallahi. Nikarudi kilimani kumalizia vipimo na kumpa habari njema.

"Ushaandika?" akaniuliza.

"Nshaandika, Bi. Nyumba ni yako, kaijenga marehemu baba."

Akasimama, akashika upande mmoja wa kitanda chake. "Nisaidie." Tukakisogeza, akakunja mkeka. Chini palikuwa na jiwe la zege lenye bolti nne nene, zimekatwa vichwa.

"Hapa ilikaa injini ya umeme wa rada," akasema. "Baba aliikuta nyumba imesimama. Alikuwa mlinzi wao. Walipoondoka wakamwachia ufunguo, naye akatuhamishia sisi humu."

"Na dari, Bi?"

"Saruji iliwaishia. Vita, meli haziji. Mkubwa wao akamwambia sheha, mkuu wa kijiji, awaite wanawake waipige kwa chokaa, kama nyumba zetu. Mama yangu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Mie mdogo, nakaa chini na maji ya kunywa."

"Bi Mwanaidi, unajua nikiyaandika haya utahama?"

"Najua. Nshazeeka, sijawa mjinga."

"Basi kwa nini unanambia? Kila mtu ameshakubali!"

"Mmesema mtaweka kibao hapo, watoto wa skuli waje wasome. Mkiandika kajenga baba, mama yangu yuko wapi? Alikuwa akirudi mikono imetoka malengelenge, ugali hawezi kusonga. Wazungu walikaa chini ya dari ile mvua isiwapate, na jina lake hakuna aliyelitaja. Na baba, Mungu amrehemu, hakupata kujenga hata banda la kuku." Akacheka. Mimi nililia mbele yake, na yeye akanipa upande wa kanga nijifute.

Niliandika alivyosema. Mkurugenzi alisoma, akavua miwani. "Kasema mwenyewe?" "Mwenyewe." Hakuniuliza la pili. Bi Mwanaidi akahamia mjini, Mwanakwerekwe, kwa mwanawe wa kiume. Nilikwenda kumsaidia kufunga mizigo, na siku ile niliichukia kazi yangu.

Sasa nimestaafu. Magoti hayapandi ngazi tena, na msumari wangu umekaa kabatini. Vijana wakija huniuliza, katika majengo yote niliyoyatafiti, lipi nalikumbuka zaidi. Wanategemea nitaje jumba lenye mlango wa nakshi. Nawasimulia siku zangu za mwisho kazini.

Dari ya nyumba ile ilianza kuvuja. Fundi akataka kuitandika saruji juu. Nikakataa katakata, maana saruji juu ya chokaa hufungia maji ndani, na boriti huoza. Mkurugenzi akaniunga mkono: ipigiliwe upya kwa chokaa. Wanawake wa kijiji wakakubali, virungu vikachongwa, lakini nyimbo hakuna aliyezijua. Tukapeleka gari Mwanakwerekwe.

Nilikuwa ndani ya nyumba, peke yangu, nikikagua boriti kwa tochi. Vyumba vitupu, kitanda hakipo, bolti ziko wazi. Nikasikia sauti ninayoijua mlangoni.

"Hodi!"

Nikageuka. Bi Mwanaidi amesimama nje ya kizingiti, kanga mpya, kirungu mkononi, anangoja. Nimkaribishe mimi? Nyumba ile? Nikaizima tochi, nikatoka nje, nikamshika mkono nikamwingiza ndani, mimi nikabaki pale aliposimama yeye.

"Hodi, Bi," nikasema.

Alinitazama, kisha akatazama juu, kwenye dari ya mama yake.

"Karibu, mwanangu," akajibu. "Karibu ndani."