Mwalimu Chapchap Aanza Upya Kufundisha Uuguzi

Asubuhi, chumba cha mazoezi cha chuo cha uuguzi kimejaa pomoni. Wanafunzi arobaini wamezunguka kitanda kimoja alikolala mgonjwa wa plastiki, mkono wake mmoja umeng'oka. Mwalimu wao, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, anamtazama msichana anayefunga kidonda.

"Umemwambia unamfanya nini?"

"Mwalimu, si sanamu huyu?"

Darasa linaangua kicheko. Mwalimu hacheki.

"Anza upya. Msalimie kwanza."

Wanafunzi humwita Mwalimu Chapchap, na kwa jina hilo hakuonewa. Kwa miaka mingi alifundisha akiwa ameshika saa. Aliyechelewa kumgeuza mgonjwa alikiona cha mtema kuni. Wagonjwa ni wengi, wauguzi wa kuhesabu. Aliamini kasi ndiyo huruma yenyewe.

Mwaka jana mdogo wake alilazwa kwa saratani. Jioni moja mwalimu alikuwa kando ya kitanda, akaingia muuguzi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake. Alimgeuza mgonjwa, akabadili shuka, akapima presha, akatoka. Hakukosea popote. Wala hakumtazama mgonjwa usoni.

"Dada," mdogo wake aliuliza, machozi yakimlengalenga, "kwani nimeshakufa?"

Kesho yake alifariki.

"Yule muuguzi nilimpa alama za juu kabisa," anasema mwalimu. "Ningemgombeza kwa lipi? Alifanya nilichomfundisha."

Baada ya maziko alirudi kazini hana raha. Bila kuagizwa na mtu, alianza kuketi na wanafunzi kila wanapotoka wodini, kila mmoja aseme alichofanya na kilichomkaa moyoni. Yeye hutangulia. Siku ya kwanza walitaja kazi walizofanya tu. Kisha kijana mmoja akasimulia alivyomfumba macho mtoto aliyekata roho, na papo hapo akaambiwa akapige deki. Alilia kwa kwikwi.

Mkuu wa chuo hakupendezwa. "Mama, masomo yamebaki nyuma, wewe unaliza watoto wa watu?"

Kikao hicho kikafutwa. Sasa hukutana muda wa chakula, kwenye ngazi za nyuma, na wanaokuja wanazidi kupungua. Yule kijana ameshaacha chuo.

Muhula ujao mwalimu anataka kuwaita wauguzi walio kazini waketi nao pia, akianza na yule aliyemhudumia mdogo wake. Amempigia simu, haipokelewi.

"Anadhani nataka kumsuta," anasema. "Nataka kumwomba radhi. Nitamfuata hukohuko wodini."